Gego la Mwisho na Dawa Yenye Sura Mbili

Tulimkosa dada yetu katika wimbo kabla hatujajua kwamba anaumwa. Ilikuwa siku ya kikundi chetu cha akina mama hapa Kibondo, na yeye ndiye anayetuanzishia nyimbo. Siku hiyo alikaa karibu na mlango, kajifunika kitenge hadi puani, mtoto mgongoni, wala hakufungua kinywa. Tulipomsogelea na kumfunua tuliona shavu la kulia limevimba hata jicho limeanza kuwa dogo. Alipojaribu kutueleza, meno yake hayakuachana kupita upana wa kidole kimoja.

"Ni jino la nyuma," alisema kwa taabu. "Lilianza kunisumbua tangu mimba ya huyu."

Tulimwombea, tukamshauri aende hospitali kesho yake. Lakini kesho yake ilikuwa siku ya gulio, naye anauza mafuta ya mawese. Kesho kutwa kulikuwa na palizi. Akina mama mnajua kesho zetu zilivyo.

Mumewe, ambaye ni mtu mwema na alikuwa hajalala usiku mbili kwa ajili ya maumivu ya mkewe, alikwenda duka la dawa akaeleza kwamba mama watoto amevimba shavu. Muuzaji hakuuliza swali hata moja. Alimfungia vidonge vidogo vyeupe katika kipande cha karatasi, akasema ameze viwili asubuhi na viwili jioni. Kwenye karatasi hapakuandikwa jina. Baadaye tulikuja kujua kwamba ilikuwa deksamethasoni, ile ambayo wengi wetu tumezoea kuiita deksa.

Ajabu ni kwamba ilifanya kazi! Siku ya pili uvimbe ulipungua, siku ya tatu alifungua kinywa akala ugali. Tulishukuru Mungu. Mmoja wetu, tena ni miongoni mwetu sisi tunaoandika makala hii, aliomba aandikiwe jina la dawa hiyo ili aiweke nyumbani.

Siku ya tano usiku alishikwa na homa ya kutetemeka. Uvimbe ulirudi, safari hii si shavuni tu bali chini ya taya na shingoni, mgumu kama ubao. Mate yalimtoka kwa sababu hakuweza kuyameza. Ulimi ulikuwa umeinuliwa juu, na alipolala chali pumzi ilikata. Alipelekwa hospitali kwa pikipiki usiku, amekaa wima katikati ya dereva na mumewe. Madaktari walipasua chini ya taya, usaha ukatoka mwingi, wakamwekea dripu ya dawa za kuua vijidudu. Mama mkwe wake alikaa nje na mtoto wa miezi minane akimnywesha uji kwa kijiko. Daktari wa zamu alituambia bila kuzunguka kwamba kama wangesubiri mapambazuko, njia ya hewa ingeziba.

Alipona, Bwana asifiwe. Tunaiandika habari hii kwa sababu ya jambo lililotokea baadaye, ambalo lilitushangaza sote.

Gego lenyewe ni lipi?

Wengi wetu tuna magego manne ya mwisho, moja kila pembe ya kinywa. Wengine hawayaoti yote, na wengine hawayaoti kabisa. Huchelewa kuliko meno yote. Aghalabu huota kati ya umri wa miaka 17 na 25, yaani umri uleule ambao wengi wetu tunaolewa, tunabeba mimba ya kwanza na kunyonyesha. Ndiyo maana maumivu yake huchanganywa na mambo mengine. Bibi atasema ni upepo wa uzazi, jirani atasema umerogwa taya.

Mara nyingi taya halina nafasi ya kutosha. Gego husukuma mbele likazuiwa na lile lililolitangulia, likabaki limelala ndani ya mfupa, au likachungulia nusu huku nusu nyingine imefunikwa na kipande cha ufizi. Chini ya kipande hicho huingia chakula, na mswaki haufiki. Hapo ndipo uvimbe unapoanzia, pamoja na harufu mbaya, maumivu yanayopanda hadi sikioni na taya kukaza. Mjamzito huathirika zaidi kwa kuwa homoni za mimba huzifanya fizi zivimbe na kutoka damu upesi. Dada yetu alisema kweli kwamba lilimwanza katika mimba.

Si kila gego la mwisho lazima ling'olewe. Lililoota wima, likasafishika na kutafuna vizuri, liacheni likae. Linaloleta usaha mara kwa mara, au linaloozesha jino la jirani yake, hilo halina faida. Na likiwa limelala haling'olewi kwa koleo peke yake kama jino la kawaida. Daktari huchoma sindano ya ganzi, hupasua ufizi, hukata mfupa kidogo, mara nyingine huligawa jino vipande, kisha hushona. Ni upasuaji mdogo, lakini ni upasuaji.

Kwa akina mama wa nyanda hizi za juu, jambo la kwanza ni kujua nani anaweza kuifanya kazi hiyo. Tunayo hospitali ya wilaya Kibondo, ipo Kabanga karibu na Kasulu mjini, ipo Heri upande wa Buhigwe, na Maweni ya mkoa iko Kigoma mjini. Matabibu wa kinywa na meno hung'oa jino la kawaida na hutibu mengi. Lakini kwa jino lililolala, ulizeni kwanza kama yupo daktari wa meno anayefanya upasuaji huo na kama eksirei ya taya inapatikana. Nauli ya kwenda na kurudi bure kutoka Kibondo hadi Kigoma si kitu cha kuchezea. Dada yetu alielekezwa Kigoma, akaenda wiki kadhaa baada ya jipu kupona kabisa. Wawili kati yetu tulimsindikiza, mmoja kwa ajili ya mama na mmoja kwa ajili ya mtoto.

"Si ndiyo iliyotaka kuniua?"

Hapo ndipo palipotushangaza. Kabla ya kuanza, daktari alieleza kila atakachofanya. Akasema, "Nitakuchoma pia sindano moja ya deksamethasoni ili usivimbe sana."

Dada yetu aliruka kitini. "Daktari, shikamoo yako naitaka, lakini dawa hiyo siitaki. Si ndiyo iliyotaka kuniua?"

Sisi tuliokaa mlangoni tulitazamana. Daktari hakukasirika. Alivuta kiti akakaa, na maneno aliyosema tutayaeleza hapa kwa namna tulivyoyaelewa.

Alimwuliza: kijijini kwenu likipigwa yowe usiku, nini hutokea? Tukajibu kwamba watu wote hutoka na marungu na maji na mapanga. Na migomba ya mwenye nyumba? Hukanyagwa. Basi, akasema, mwili nao ndivyo ulivyo. Ukipata jeraha hupiga yowe. Mishipa midogo ya damu hupanuka na kuvuja maji, chembe za ulinzi humiminika mahali hapo, na huko kujaa ndiko tunakokuita uvimbe. Kama mwizi yumo ndani, yaani vijidudu, umati huo unahitajika hata ukikanyaga migomba. Lakini nimekata ufizi wako kwa vyombo safi, hakuna mwizi, kuna ukuta tu uliobomoka na mafundi wachache wangetosha kuujenga. Hata hivyo mwili hauwezi kupima, huita kijiji kizima. Dawa hii ni kama mzee anayesimama njiani na kusema: wachache piteni, wengine rudini mkalale.

"Sasa ulipoimeza Kibondo," aliendelea, "mwizi alikuwa ndani. Mzee akawarudisha watu. Nyumba ikatulia, nawe ukadhani umepona. Mwizi akapata siku nne za kufanya kazi yake bila kusumbuliwa."

Tangu siku hiyo hatujasikia maelezo yaliyo wazi zaidi ya hayo. Uvimbe wa jeraha na uvimbe wa usaha huonekana sawa machoni petu tukiwa jikoni, lakini ni vitu viwili. Dawa inayoufaa mmoja huweza kuuficha mwingine mpaka uchelewe. Dawa hii haiui kijidudu hata kimoja.

Dawa hii ilitoka wapi

Kotisoni, mama wa dawa zote za jamii hii, ina historia inayowahusu wanawake. Katika kliniki ya Mayo, mjini Rochester nchini Marekani, Daktari Philip Hench alikuwa ameona kwa miaka mingi kwamba wanawake wenye ugonjwa mkali wa baridi yabisi ya viungo hupata nafuu wanapokuwa wajawazito, na hali hurudi baada ya kujifungua. Akawaza kwamba mwilini mwetu kuna kitu kinachotuliza. Mwenzake, mwanakemia Edward Kendall, alikuwa akichunguza tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Mwezi wa Septemba mwaka 1948 walimchoma sindano ya kitu kilichotokana na uchunguzi huo mwanamke wa miaka 29 ambaye viungo vilimzuia hata kutembea vizuri. Baada ya siku chache alitoka hospitalini kwa miguu yake akaenda madukani. Mwaka 1950 wawili hao, pamoja na Tadeus Reichstein wa Uswisi, walipewa Tuzo ya Nobel.

Dunia ilishangilia, kama sisi tulivyoshangilia siku ile ya tatu Kibondo. Halafu wagonjwa walioendelea kuitumia kwa miezi walianza kuvimba uso, kupata kisukari, mifupa kuwa dhaifu na vidonda kutokupona. Ama kweli sura ya pili ya dawa hii ilionekana mapema.

Deksamethasoni ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1950, ikiwa na nguvu zaidi. Kwa kutuliza uvimbe, nguvu yake ni takriban mara 25 ya ile ya homoni ya asili. Miligramu 8 zake, ambazo ni sindano mbili ndogo, ni sawa na homoni ambayo mwili wenye afya hujitengenezea kwa zaidi ya siku kumi. Fikirini basi juu ya vile vidonge vinavyofungwa katika karatasi.

Tusiikatae lakini kwa ajili ya hayo. Mwaka 1972 madaktari Liggins na Howie wa New Zealand walionyesha kwamba sindano za dawa ya jamii hii kwa mama mwenye dalili za kujifungua kabla ya wakati huyakomaza mapafu ya mtoto. Leo deksamethasoni hutolewa kwa ajili hiyo katika hospitali zenye uwezo wa kuwatunza njiti, na huenda mmoja wenu anayesoma hapa mwanawe anapumua kwa sababu yake. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa UVIKO-19, utafiti mkubwa wa Uingereza ulionyesha kwamba iliokoa maisha ya wagonjwa waliohitaji hewa ya oksijeni, lakini haikuwasaidia wale ambao hawakuihitaji. Dawa ileile, hata katika ugonjwa mmoja, ilimfaa huyu bila kumfaa yule.

Yafanyayo, na yasiyofanya

Baada ya gego lililolala kutolewa, uvimbe hauji wote siku hiyo. Huongezeka hadi siku ya pili au ya tatu, ndipo huanza kushuka, na kwa kawaida huisha baada ya wiki moja hivi. Taya nalo hukaza. Deksamethasoni hukaa na nguvu mwilini kwa siku moja na nusu hadi mbili na kidogo, na ndiyo maana dozi moja, inayotolewa muda mfupi kabla ya upasuaji au mara tu baada yake, huweza kuzifunika zile siku mbaya. Madaktari wengi hutumia kati ya miligramu 4 na 8, kwa sindano ya msuli au ya mshipa, au kwa kuchoma palepale kando ya gego ambako tayari pana ganzi, au kwa vidonge. Wengine hutumia prednisoloni. Mwaka 2016 madaktari wa Lagos, Nigeria, walichapisha utafiti wao uliowalinganisha wagonjwa waliopewa prednisoloni, kwa vidonge au kwa sindano, na wale ambao hawakupewa. Waliopewa waliendelea na maisha yao kwa taabu ndogo zaidi.

Faida kubwa ni mbili: shavu halivimbi sana na kinywa hufunguka mapema. Maumivu nayo hupungua kiasi, lakini dawa hii si mbadala wa dawa ya maumivu. Na ikifika siku ya saba, aliyechomwa na asiyechomwa hukaribiana. Kwa hiyo mama asijione ameonewa akitibiwa na daktari asiyeitumia. Atapona vilevile. Kwa gego lililong'oka kirahisi kwa koleo, hakuna haja yake.

Sisi twaona, hata hivyo, kwamba tofauti ya siku tatu ni kubwa kwa mwenye mtoto wa kunyonya. Mama anayeweza kufungua kinywa siku ya pili hula, na anayekula ndiye mwenye maziwa. Mara nyingi wanaume na hata madaktari hawalipimi jambo hili kwa mizani hiyo.

Yapo mambo ambayo ni lazima umwambie daktari kabla ya sindano, hata kama hakuuliza. Mwambie kama una kisukari, kwa kuwa dawa hii hupandisha sukari hata kwa dozi moja. Mwambie kama una vidonda vya tumbo au shinikizo la damu. Mwambie kama umewahi kuugua kifua kikuu, au una kikohozi kisichoisha. Mwambie kama ni mjamzito au unadhani huenda ukawa mjamzito. Na mama anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI asione haya, ataje majina ya dawa zake, maana baadhi hazipatani na deksamethasoni. Dada yetu aliuliza juu ya kunyonyesha. Alijibiwa kwamba dozi moja si sababu ya kumwachisha mtoto ziwa, akanyonyesha jioni ileile.

Nyumbani baada ya upasuaji

Haya tuliyaona kwa macho, kwa kuwa tulikaa naye kwa jamaa yake Kigoma siku mbili kabla ya kurudi, tena kwa amri ya daktari. Barabara ya kurudi Kasulu na kuendelea hadi Kibondo si safari ya mtu aliyeshonwa saa mbili zilizopita.

Aliuma kitambaa cha hospitali kwa nusu saa, damu ikakauka. Siku ya kwanza hakusukutua wala kutema mate kwa nguvu, wala hakunywa soda kwa mrija, kwa sababu lile donge la damu shimoni ndilo bandeji ya Mungu na likitoka mfupa hubaki wazi. Barafu hatukuwa nayo. Tulichovya kitambaa katika maji ya mtungi tukamwekea shavuni kwa dakika kumi kumi. Alilala ameinua kichwa kwa mito miwili. Kesho yake alianza kusukutua polepole kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai katika glasi, kila baada ya kula. Alikula uji wa ulezi uliopoa, ndizi zilizopondwa, na supu ya migebuka tuliyoichuja miiba. Kwa maumivu alipewa parasetamoli na ibuprofeni kwa saa alizoandikiwa, ile ya pili akiwa ameshakula. Mwenye vidonda vya tumbo na mjamzito wasijichukulie ibuprofeni wenyewe.

Shavu lilivimba? Ndiyo, kidogo, kama mtu aliyeficha andazi. Siku ya tatu aliporudi Kibondo alikuwa akifungua kinywa vidole viwili.

Shida ilianzia hapo, maana alijiona mzima. Tulimkuta na ndoo ya maji kichwani. Jamani! Mtu anapobeba mzigo kichwani huuma meno bila kujua, na kazi nzito huweza kuamsha damu. Wiki moja bila ndoo, bila kuni na bila jembe ilikuwa sehemu ya tiba yake, na tunaitaja makusudi ili baba watoto anayesomewa ukurasa huu naye aisikie. Mumewe dada yetu, baada ya yale ya pikipiki usiku, hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alichota maji mwenyewe, majirani wakicheka, wala hakujali.

Dalili za kurudi hospitali bila kungoja ni hizi: uvimbe unaozidi kukua baada ya siku ya tatu badala ya kushuka, homa, usaha, damu isiyokatika, au maumivu makali yanayoanza upya siku ya tatu au ya nne pamoja na harufu mbaya, ambayo huwa ni shimo lililopoteza lile donge. Lakini shingo ikivimba na kuwa ngumu, mate yakashindikana kumezwa, ulimi ukainuka au pumzi ikawa ya shida, hapo ni usiku uleule. Haijalishi kama hujawahi kung'oa jino. Dada yetu hakuwa amelitoa bado.

Baadhi ya wapendwa walituuliza kwa nini tulikimbilia kisu wakati tulikwisha kumwombea. Tulisoma nao 2 Wafalme sura ya 20. Mfalme Hezekia aliugua jipu hata karibu ya kufa, akaomba kwa machozi, na Bwana akamsikia. Bado Isaya aliagiza mkate wa tini ukawekwa juu ya jipu. Hatukuongeza neno.

Vidonge vya urembo

Hatuwezi kuliacha jambo hili bila kusema yale yaliyozungumzwa kwenye kikundi chetu tuliporudi, kwa sauti ya chini. Ilijulikana kwamba wawili kati yetu walikuwa wakiitumia deksa kwa sababu isiyo ya jino wala ugonjwa: kunenepa. Mmoja alianza kabla ya harusi ya mdogo wake ili aonekane anatunzwa. Hatuwalaumu. Mke mwembamba husemwa kwamba nyumbani hamna chakula au hamna amani, na maneno hayo huuma. Desturi hii imeandikwa na watafiti Kinshasa na Khartoum, si ya kwetu peke yetu. Unene huo ni maji na mafuta yaliyohamia usoni na tumboni, huku mikono na miguu ikikonda.

Na baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi, zile tunazoziita mkorogo, zina ndugu wa dawa hii ndani yake, wenye nguvu sana, ambao hulainisha ngozi hadi ikawa nyepesi na kupasuka. Mama wa namna hiyo akipasuliwa, jeraha huchelewa kufunga.

Hapa pana hatari ambayo hatukuijua. Mtu akitumia dawa hii kwa wiki nyingi, zile tezi zilizo juu ya figo huona kazi inafanywa na mwingine, nazo hulala. Akiacha ghafla, au akipatwa na homa kali, ajali au upasuaji, mwili huhitaji homoni nyingi na hakuna wa kuitoa. Anaweza kuzimia, hata kufa. Kwa hiyo aliyekuwa akimeza kila siku asivitupe chooni leo kwa hofu ya makala hii. Aende hospitali aseme ukweli, apunguziwe taratibu. Wenzetu wale wawili walikwenda pamoja, wakishikana mikono kama wasichana wa shule. Mmoja alikutwa sukari imepanda, na sasa anahudhuria kliniki.

Dada yetu alitolewa nyuzi baada ya wiki moja. Wiki iliyofuata alituanzishia wimbo, sauti yake ikiwa nzito kidogo upande mmoja. Eksirei ya Kigoma ilionyesha kwamba gego la kushoto nalo limelala vilevile, ila halijaanza kuuma. Daktari alimwambia alisafishe vizuri na asingoje usaha wa pili. Ameomba arudi baada ya kuvuna maharage, na kopo la akiba ya nauli tayari liko mezani kwa mweka hazina wetu.